Maswali Arobaini na Moja kwa Mke Mkubwa

14 Januari

Kwa Mke Mkubwa, mwenye funguo za nyumba na neno la mwisho,

Shikamoo bibi. Nimefika salama na sanduku limefika salama, ila ile chupa ya asali uliyoifungia vitambaa vitatu ilivuja njiani na sasa nguo zangu zote za ndani ni tamu. Usicheke. Najua unacheka.

Chumba ni kidogo: vitanda viwili, meza moja, na dirisha linalotazama ukuta. Mwenzangu wa chumbani anasomea wadudu. Ana kopo la mende hai chini ya kitanda chake na ananihakikishia kwamba wamehesabiwa, wako arobaini. Mimi nami nimeanza kuwahesabu, maana sitaki kusikia siku moja kwamba wako thelathini na tisa.

Habari za mgongo? Paka bado analala kwenye kiti cha Fundi? Mama mdogo anasema umemkatia simu mara mbili wiki hii. Ndiyo sababu nakuandikia. Barua huwezi kuikatia.

Sasa jambo lenyewe. Siku ile nafunga sanduku uliniuliza nakwenda kusomea nini hasa. Nikasema huduma za afya, ukasema, "Kwa hiyo unesi." Si unesi, bibi. Miaka mitatu nimekaa kwenye stoo ya dawa nikihesabu maboksi: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyoharibika. Nilijua kila kidonge kiko rafu gani, lakini sikujua kama kuna mtu aliyekimeza. Sasa nataka kuhesabu nikiwa upande wa mmezaji. Kumuuliza mgonjwa mwenyewe hospitali inamtendeaje, na yeye angependa imtendeje. Huo nao ni utafiti, upo, na una maprofesa wake. Wangu wanafunzi wanamwita Kalamu Nyekundu.

Ametuagiza kila mmoja atafute mtu wa kulijaribia dodoso lake. Langu lina maswali arobaini na moja, na mtu huyo ni wewe. Unakwenda kliniki ya presha kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Ukirudi, vua viatu, kaa, jaza. Mwezi wa Mei nitasimama mbele ya jopo kutetea pendekezo langu la utafiti. Wakilikataa nina nafasi moja nyingine, Septemba. Wakilikataa tena, narudi kwenye maboksi.

Na uniandikie presha ilisoma ngapi. Tangu tumzike babu yangu Fundi mwezi wa Juni hujaniambia namba hata moja, na daktari alituambia wazi kwamba wewe bila vidonge ni mtu wa kuanguka wakati wowote. Mume wetu ametuacha wajane wawili. Mimi sina nguvu ya kuwa mjane peke yangu.

Mjukuu wako na mke mwenzako,
Mke Mdogo


9 Februari

Kwa Mke Mdogo, aliyeolewa akiwa na siku saba na akamkojolea bwana harusi shati,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa inanata. Nimeilamba pembeni, asali ni ile ile, sijaibiwa.

Mgongo upo. Paka bado analala kwenye kiti, na nikimfukuza ananitazama kama mimi ndiye mpangaji. Cherehani haipumui, ni msimu wa sare za shule. Juzi mama mmoja kaniletea mwanawe nimpime, mtoto ana mikono mirefu mpaka nikamuuliza kama huyu anakwenda shule au anakwenda kuchuma nazi. Mama mdogo wako alikuja Jumamosi, akakagua masufuria yangu kama afisa wa afya, akaondoka bila kuniandikia faini.

Dodoso nimelijaza. Nimetumia penseli ya Fundi, ile bapa ya kuchorea mbao, kwa hiyo herufi ni nene. Profesa wako asidhani namfokea. Nakunakilia machache, usije ukayapoteza.

Swali la 3, ulifikaje kituoni? Kwa miguu. Miguu yangu mwenyewe, nimeona niseme kwa kuwa hamkuuliza ya nani.

Swali la 9, ulisubiri muda gani kabla ya kuonwa? Saa tatu na nusu. Katika muda huo nimepata habari kamili za ndoa mbili, na nimeandikiwa dawa tatu za mgongo na watu wasio madaktari.

Swali la 16, mhudumu alikuita kwa jina lako? Aliita. Aliita mpaka watu wa barabarani wakageuka.

Swali la 22, ulielezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoielewa? Nesi alisema, "Bibi, chumvi!" Nilielewa.

Swali la 30, kwa kipimo cha moja hadi tano umeridhika kiasi gani? Nne. Fundi alikuwa akisema usimpe fundi sifa zote siku moja, atakaa kunywa chai mpaka jioni.

Nilikaa benchi la pili kutoka mlangoni, lile ambalo randa ililijeruhi upande wa kushoto. Unajua mabenchi yale yote kumi na mawili aliyatengeneza yeye, mama yako akiwa tumboni. Siku alipoyapeleka alinikalisha mimi kwanza kwenye lile la pili, akasema, "Kaa kwa nguvu zako zote, halitalia." Nilikaa kwa nguvu. Halilii mpaka leo.

Presha ni ya kawaida.

Mke Mkubwa


6 Machi

Kwa Mke Mkubwa, ambaye sasa ana wapenzi chuo kizima,

Shikamoo. Mende wako arobaini. Mimi mzima, chakula cha kantini kinaniogopa na mimi nakiogopa.

Nilisoma majibu yako darasani. Nilianza na miguu yako, na nilipofika kwenye chumvi Kalamu Nyekundu aliinama kuokota kalamu yake na hakuinuka haraka. Alisema dodoso moja lililojazwa na mtu anayeona lina thamani kuliko mia yaliyojazwa na watu wanaotaka kwenda nyumbani. Wenzangu wanauliza kama una mjukuu wa kiume.

Mimi nilipopelekwa kufanya mazoezi kwenye kituo cha afya cha hapa mambo hayakuwa hivyo. Tunasimama karibu na dirisha la dawa, mgonjwa akishachukua dawa zake tunamwomba dakika kumi. Nikamfuata mama mmoja.

"Mama, kwa kipimo cha moja hadi tano..."

"Andika tano, mwanangu, jua linaniwakia."

"Lakini sijauliza swali."

"Basi andika tano ya leo na tano ya mwezi ujao."

Nimehoji watu sitini. Hamsini na wanane wameridhika kabisa. Kalamu Nyekundu kaandika pembeni: "Hiki ni kituo cha afya au harusi?"

Bibi, "ya kawaida" si presha. Presha ni namba mbili, moja juu na moja chini. Nitumie zote mbili.

Mke Mdogo


11 Aprili

Kwa Mke Mdogo mpenda namba,

Marahaba. Sare zimekwisha, sasa nashona mapazia ya ofisi fulani ambayo haikunipa vipimo vya madirisha. Nilipouliza wakasema, "Bibi, ni madirisha ya kawaida tu." Nikakukumbuka.

Dodoso la pili hili hapa. Safari hii nimetoa tatu badala ya nne, maana saa ya ukutani pale kliniki imesimama na mtu hawezi kujua amekaa muda gani mpaka njaa imwambie. Nilikaa na mama mmoja anayeuza kamba. Tulizungumza hadi nikasahau kama naumwa. Ulitaka namba mbili: mia na ishirini juu, themanini chini. Nesi alishangaa. Aliwaita wenzake waje waone.

Jana nilikuwa naweka nguo za Fundi vizuri, zile ambazo hatujazigawa, nikalikuta shati lake jeupe. Shati la kliniki, unalijua. Kila Jumanne yake alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kile kioo kilichopasuka, anajiona wawili, anasema, "Leo wagonjwa tuko wengi." Nampigia pasi shati, nampigia na kola. Anaondoka saa moja asubuhi, anarudi saa saba mchana. Namuuliza, "Vipi?" Ananijibu, "Nimeonwa." Namimina chai.

Naishia hapo, uzi umekatika na mwangaza wa dirishani umehama.

Mke Mkubwa


28 Mei

Kwa Mke Mkubwa, msanii,

Shikamoo. Nitakupa habari mbili na zote ni mbaya, kwa hiyo kaa.

Ya kwanza: jopo limenikataa. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo mwenye sauti ndogo, alingoja wenzake wote wamalize, halafu akaniuliza, "Hawa watu sitini walikuwa na dawa mkononi ulipowahoji?" Nikasema ndiyo. "Walioondoka mikono mitupu uliwahojia wapi?" Nikasema hawakuwepo. Akasema, "Ndiyo maana nauliza." Akafunga faili langu taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Imebaki Septemba.

Ya pili inakuhusu wewe. Mama mdogo alipeleka kikohozi chake kliniki wiki iliyopita. Kaniambia kliniki imehama tangu Desemba. Ipo ng'ambo ya soko, jengo jipya, haina benchi hata moja, ni viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kama wafungwa. Jengo la zamani sasa ni ghala la saruji.

Kwa hiyo, bibi yangu, mwezi wa Februari ulisubiri saa tatu na nusu ndani ya ghala la saruji. Nani alikuita kwa jina? Mfuko?

Nilicheka, nisikudanganye. Nilikumbuka lile darasa zima linavyokupenda, na Kalamu Nyekundu akitafuta kalamu chini ya meza, nikacheka mpaka mwenzangu akaja kutazama kama kopo limefunguka. Halafu nikakaa sakafuni. Maana nesi mmoja mwenye miwani kamwambia mama mdogo kwamba faili lako halijafunguliwa tangu Juni mwaka jana. Ile mia na ishirini kwa themanini umeitoa kwenye ile picha ya ukutani ya kliniki inayofundisha presha, sivyo? Hata mimi sina presha nzuri kama hiyo.

Dodoso niachie mimi. Nataka kujua kitu kimoja: vidonge unavitoa wapi?

Mke Mdogo


24 Juni

Bibi,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima hujanijibu. Mama mdogo anasema upo, unakula, unashona, na akitaja jina langu unaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu.

Leo Fundi ametimiza mwaka. Sina swali. Nilitaka tu karatasi yenye mwandiko wangu iwe ndani ya nyumba.

Mende wako thelathini na nane. Hatujazungumza juu ya jambo hilo.

Mke Mdogo


11 Julai

Kwa mke mwenzangu,

Marahaba. Paka mzima, mapazia yamekuwa mafupi. Habari za nyumbani zimekwisha, sasa nisikilize.

Siku ya tisa baada ya mazishi nilikuwa natafuta futi yake ya kupimia, nikaikuta kadi yake ya kliniki kwenye mfuko wa aproni ya kazi. Nikaifungua nione daktari aliandika nini mara ya mwisho. Mihuri ilikuwepo mpaka Julai ya mwaka uliotangulia. Baada ya hapo, miezi kumi na mmoja, karatasi nyeupe. Hakuna presha, hakuna dawa, hakuna sahihi ya mtu. Na kila mwezi katika hiyo nilipiga pasi shati.

Jumanne iliyofuata nikaenda kliniki. Siku hiyo sikwenda kutibiwa, nilikwenda kugombana. Maneno niliyapanga mdomoni kama pini, nilikuwa nayachomoa moja moja. Nikamwambia yule nesi mwenye miwani, "Mmemwacha mtu anakuja hapa mwaka mzima hamumtazami!"

"Nani, bibi?"

"Mume wangu! Seremala!"

Kabla hajajibu, mama mmoja aliyekuwa amekaa, mguu umevimba ameunyoosha mbele, akasema, "Ni yule mzee wa shati jeupe? Yule aliyekuwa anatupisha?"

"Anawapisha vipi?"

"Zamu yake ikifika anasema mgeni kwanza. Mimi kanipisha mara nne. Kampisha mwenye mapacha, kampisha mwalimu mwenye homa. Ukimkatalia anasema, 'Mama, mabenchi haya nimeyatengeneza mimi. Hapa mimi ni mwenyeji, siwezi kuhudumiwa wageni wamesimama.' Mpaka daktari anafunga mlango yeye bado anakaribisha watu."

Nikamgeukia nesi. Yule binti alikuwa amevua miwani anaifuta. Akasema, "Bibi, sisi tulijua anakuja kukagua mabenchi. Alikuwa anakuja na bisibisi."

Umeelewa? Kadi hakuitoa mfukoni. Miezi kumi na mmoja wanamjua kama fundi. Wanamsalimia, wanampa maji ya kunywa, anakaza skrubu za mabenchi, anawaingiza ndani mmoja mmoja, saa saba anarudi nyumbani na kuniambia nimeonwa. Na kweli alionwa. Kila mtu alimwona.

Nilianza kucheka, mke mwenzangu. Mbele ya umati, na kitambaa cha msiba kichwani. Watu wakanipisha nafasi nikae na sikukaa. Nikatoka, na sijarudi tena. Wewe uliniuliza vidonge navitoa wapi. Sina vidonge. Vilikwisha mwezi ule ule.

Unajua kinachonizuia? Wivu. Nawaonea wivu wale watu wote wazima wanaotembea mjini na zamu ya mume wangu. Na mimi mwenyewe je? "Nimeonwa," namimina chai. Sikusema hata siku moja, nionyeshe kadi. Wewe una maswali arobaini na moja. Mimi lingenitosha hilo moja.

Dodoso nililidanganya kwa sababu ulilihitaji. Na kwa sababu kwenye karatasi niliweza kukaa kwenye lile benchi bila kuvuka mlango.

Sasa unajua. Usinijibu kwa simu.

Mke Mkubwa


2 Agosti

Kwa Mke Mkubwa,

Shikamoo. Mimi nami nina langu, na ni la siku nyingi kuliko lako.

Oktoba mwaka juzi nilimsindikiza. Nilikuwa na nusu siku ya ruhusa kazini. Alipisha watu watatu mbele ya macho yangu. Nikamwambia, "Mume wangu, unangoja nesi akue umuoe?" Akacheka mpaka akakohoa. Ilipofika saa tano nikatazama saa, maboksi yalikuwa yananingoja, nikamwacha pale anamshika mkono bibi mmoja kumkalisha. Jioni nilipopita nyumbani akasema mbele yetu wote, "Nimeonwa." Alinitazama mimi aliposema. Nilitabasamu. Niliona ni utani wetu sisi wawili, na nikauweka nije nimcheke nao siku ya sherehe fulani.

Umewahi kuniuliza kwa nini niliacha kazi ya stoo, na nimekupa sababu nyingi nzuri, nyingine nimeziandika hata kwenye fomu ya chuo. Hiyo sijaiandika popote.

Yule mama wa jopo sasa nina jibu lake. Mtu anayeondoka bila kuonwa hayumo kwenye kitabu chochote. Daftari la daktari halina jina lake, dirisha la dawa halimjui, na sisi watafiti tunasimama hapo hapo dirishani tunawahoji waliofanikiwa, halafu tunashangaa wameridhika. Nataka kuhama dirishani. Nataka kusimama getini, niwaulize wanaotoka mikono mitupu: umeonwa? Kama hukuonwa, ilikuwaje? Nimemwambia Kalamu Nyekundu. Akasema, "Hilo ndilo swali. Sasa lifanye liwe fupi." Nimelikata dodoso, limebaki na maswali tisa.

Ningependa ukurasa wa kwanza uanze na Fundi, bila jina. Bila ruhusa yako sitamgusa.

Lakini nina sharti, na usinung'unike, nimejifunza kwako. Jopo linakaa tarehe 26 Septemba. Sitawasilisha hata karatasi moja mpaka mke mwenzangu awe ameonwa na daktari, na kwa kuonwa simaanishi kule kwa Fundi. Usipokwenda, nafukuzwa chuo, nafukuzwa chumba, nakuja kuishi kwako. Mwenzangu amekubali kunigawia mende.

Mke Mdogo


3 Septemba

Kwa Mke Mdogo, jambazi,

Marahaba. Nimekwenda.

Nimevaa gauni la bluu, lile Fundi alilosema linanifanya nionekane kama mtu mwenye kesi. Nimepewa namba ishirini na tatu. Viti ni vya plastiki kweli, na nakwambia nilifurahi kuviona. Kwenye vile viti mimi si mke wa mtu, mimi ni namba ishirini na tatu.

Nimekaa saa ya kwanza bila tatizo. Saa ya pili akaja kijana mmoja, viatu vinang'aa.

"Bibi, naomba nitangulie, nina haraka."

"Ya kwenda wapi?"

"Kazini."

"Mimi nina haraka ya kutokufa. Kaa."

Akakaa. Nikajiona nimeshinda, kumbe mtihani wenyewe ulikuwa nyuma yangu. Namba ishirini na nne alikuwa binti mjamzito, miguu imejaa, amepumzisha kichwa ukutani. Walipoita namba yangu nikamtazama, na mkono wangu ukainuka wenyewe kusema pita mama. Nakuapia, niliuona ni mkono wa Fundi. Nikausimamisha hapo hewani. Watu wananitazama, nesi anaita, "Ishirini na tatu! Ishirini na tatu yuko wapi?" Yule binti ananiambia, "Nenda tu bibi, mimi nitangoja."

Kumpita sikuweza, na kumpisha nako nilikataa. Nikamshika mkono nikaingia naye.

Daktari akasema, "Mmoja mmoja jamani."

Nikasema, "Haiwezekani. Sisi ni wake wenza."

Daktari akatazama tumbo la binti, akanitazama mimi, akatazama kadi zetu. Nikaona anamhesabia huyo mume miaka. Binti alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, anatetemeka kwa kicheko. Akatupima wote wawili.

Mia na tisini kwa mia na kumi. Hii sikuisoma ukutani.

"Bibi, umeacha dawa muda gani?"

"Mwezi mmoja."

Binti akanigeukia, hajui chochote huyo, akanitazama tu. Nikasema, "Kumi na minne." Daktari akaweka kalamu chini. Alinigombeza vizuri, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka uishi. Nimepewa vidonge, nimeambiwa nirudi baada ya wiki tatu.

Dodoso lako la zamani nimelijaza, mara hii kwa haki. Kusubiri, saa nne na robo. Kuridhika, mbili: moja ya vidonge na moja ya kugombezwa.

Kadi yangu imo ndani ya barua hii. Tazama muhuri kwa macho yako, halafu irudishe siku hiyo hiyo, tarehe 24 natakiwa nayo.

Kuhusu Fundi, mwandike. Ila usiandike kwamba alikuwa mpole. Watampenda, na wakishampenda watasahau. Andika kwamba kadi ilikuwa mfukoni mwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba aitoe.

Mke Mkubwa


19 Oktoba

Kwa Mke Mkubwa, aliyemfumania daktari na hesabu zake,

Shikamoo. Kadi niliirudisha siku ile ile kwa mkono wa karani wa posta ambaye sasa ananiogopa. Mama mdogo kaniambia umekwenda tena tarehe 24, presha imeshuka, na kwamba alipofika tu mlangoni ulimsukumia kadi usoni kabla hajakuamkia.

Jopo limekubali. Yule mama wa sauti ndogo alisoma ukurasa wa kwanza mara mbili, hakuuliza kitu ila kama geti lina kivuli. Nikasema hakuna. Akasema, "Vaa kofia."

Juzi nimeanza. Kalamu Nyekundu alikuja mwenyewe kunitazama, akasimama ng'ambo ya barabara na mwavuli wake kama mtu asiyenijua. Saa sita kasoro akatoka mzee mmoja, koti limefungwa vifungo vyote, kadi mkononi, dawa hana. Nikamsimamisha.

"Shikamoo babu. Umeonwa?"

"Marahaba. Bado, mwanangu. Kuna mtu mle ndani anatapika, nimeona nisiwasumbue. Nitarudi wiki ijayo."

Swali langu la pili linasema: ungependa kueleza sababu? Alikuwa ameshaieleza. Kanuni ni kwamba nimwandike, nimshukuru, nimwache aende zake. Mtafiti haingilii kati. Nilimwandika. Nilimshukuru. Halafu nikamshika kiwiko.

"Babu, turudi."

"Wewe ni nesi?"

"Hapana, mwanafunzi."

"Unasomea nini?"

"Kuwarudisha watu ndani."

Akacheka, akasema siku hizi vyuo vinafundisha mambo. Akanifuata.

Nilipotoka Kalamu Nyekundu alikuwa amevuka barabara. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma. "Mhojiwa namba moja umemharibu," akasema. "Umebadilisha matokeo. Hahesabiki tena. Mfute." Ana haki, bibi, hiyo ndiyo kazi na nitajifunza kuifanya. Akanipa ile kalamu yake mwenyewe, na alikuwa akitazama pembeni aliponipa.

Nikamfuta kwa mstari mmoja ulionyooka. Kutoka pale nilipokuwa dirisha la chumba cha vipimo linaonekana. Mzee alikuwa amekunja mkono wa shati, na alikuwa akimwelekeza nesi kwa mkono wa pili amhudumie kwanza mtu aliye nyuma yake. Nesi hakugeuka. Aliendelea kujaza upepo kwenye mkanda wa presha.

Mke Mdogo